Na Upepo Nusu Hadi Bwera

Mke wangu Biira alikuwa na haja moja tu: baba yake ampigie simu. Hakutaka zawadi wala baraka za madhabahuni. Tulifunga ndoa kwetu Moshi, mzee akaletewa habari keki ikiwa imeshaliwa, na tangu hapo, miaka minne, kila Biira akipiga simu kwao Bwera, nchi jirani, mzee humpa mtu mwingine aongee. Mtoto wetu Neema alikuwa hajui kama babu yake ana sauti nene au nyembamba. "Nenda wewe," Biira akaniambia. "Ukae naye, akuone ulivyo."

Nikasema sawa, nitakwenda na baiskeli.

Weee! Nilisemwa siku hiyo mpaka majirani wakazima redio. "Nimekutuma ukapatane na baba yangu, unaniletea habari za baiskeli!" Lakini mimi hoja nilikuwa nazo. Mabasi yatanifikisha Kasese. Kutoka hapo hadi Bwera mkwe atanithamini nikija kwa jasho langu. Ukweli wenyewe, mtaniwia radhi, ni kwamba baiskeli za magurudumu makubwa, zile za inchi ishirini na tisa, ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza kuonekana kwetu. Mimi nilikuwa nimeshapata yangu, na vilima vya Rwenzori nilikuwa sijawahi kuvikanyaga. Biira alinifungia suruali nyeusi ya ukweni kwenye mfuko wa nailoni. "Na ukifika, tafadhali Baba Neema, usianze kumweleza mambo ya tairi."

Kabla ya kuondoka nilishinda uani nikichagua tairi. Mbele niliweka pana, yenye meno marefu yaliyoachana, maana gurudumu la mbele likiteleza umekwisha. Nyuma nikaweka nyembamba kidogo, meno mafupi, isinivute kwenye lami. Mipira ya ndani nikaitoa yote, nikamimina ile dawa nyeupe kama maziwa inayoziba tundu la mwiba yenyewe. Valvu nikaweka nene, kama za gari, nikijisifu kwamba pampu yoyote ya Afrika Mashariki itaingia. Ujanja huo ndio ulioniponza. Mwisho upepo: kidogo. Ukibonyeza kwa kidole gumba tairi ibonyee, ya mbele kuliko ya nyuma. Tairi laini hulishika jiwe, ngumu hulidunda. Yuko mtu aliyenifunza hilo kwa kuanguka, nitamtaja mahali pake.

Kasese nilifika mchana, mgongo umekuwa ubao kwa mabasi. Nilipokewa na Baluku, binamu yake Biira, fundi cherehani wa upande wa Nyamwamba, mtu mkarimu mpaka anachosha. Tulikula bundu, ule ugali wao wa muhogo, kwa samaki, na muda wote jicho lake lilikuwa kwenye baiskeli yangu pale ukutani. Nilidhani anaitamani.

Asubuhi nilibonyeza tairi nikaumiza kidole. Zilikuwa mawe.

"Nilipiga pampu," Baluku akasema, uso umejaa furaha. "Tairi yako ilikuwa inalala. Sasa iko sawa. Gonga, usikie!"

Nikagonga. Ikalia ngo! Nikamshukuru, nikaaga, nikakata kona ya kwanza, nikaegemea ukuta wa watu na kutoa upepo wote wa ziada, psss, huku nikiangalia nyuma kama mwizi wa kuku.

Kikorongo, pale barabara ya Mpondwe inapoachana na ile ya Mbarara, kulikuwa na kizuizi. Askari mmoja mwenye bunduki aliniona kwa mbali.

"Wewe! Simama hapo! Teremka!"

Nikateremka. Nikatoa pasipoti kwa mikono miwili. Hakuitazama.

"Tairi iko na njaa. Unaenda wapi na tairi ya njaa?"

"Afande, hivi ndivyo inavyotakiwa. Gurudumu likiwa kubwa na tairi pana, upepo kidogo..."

"Kimya! Leta pampu!" akamwamuru mwenzake. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, na mbele ya bunduki mimi si mkaidi. Nilisimama wima huku jeshi zima la watu wawili likinijazia tairi. Walipomaliza alinipigia saluti. Nilikwenda mpaka wasiponiona tena, psss.

Kinyamaseke nilisimama kunywa chai. Mama mwenye kibanda alinipa na ndizi mbili bila kuombwa, nami nikamsifia chai yake. Kumbe nikiwa nimeinamisha kichwa kwenye kikombe, shughuli ya pampu inaendelea nyuma yangu. Sikubonyeza tairi, na hilo ndilo kosa. Niliiacha lami, nikapanda njia za juu katikati ya kahawa, mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na mteremko wa kwanza tu tairi ya mbele ikagusa jiwe, ikadunda kama mpira wa watoto, mimi huyo, kwenye tope. Chali! Suruali ya ukweni, ambayo nilikuwa nimeshaivaa kwa kiherehere kwa kuwa Bwera ni karibu, iligeuka rangi ya matofali. Nilikaa palepale nikawatukana wakarimu wote wa wilaya ile, mmoja baada ya mwingine.

Bwera niliingia hivyo, mkwe wa tope. Nyumba ya mzee iko mlimani, juu ya mji, na yeye alikuwa amekaa mlangoni: Mzee Masereka, mrefu, mkavu, ambaye ujana wake wote alibeba kahawa na chumvi ya Katwe kwa baiskeli.

"Shikamoo, Baba."

"Eh," akajibu. Akaitazama suruali, akaitazama baiskeli. "Kaa."

Nikakaa. Hakuongeza neno mpaka giza lilipoingia. Chakula kilikuja, maji ya kuoga yakaja, heshima zote nilipewa, ila maneno. Nikalala nikimwonea Biira huruma.

Lakini asubuhi, jamani, tairi zilikuwa kama nilivyoziacha! Laini, za kidole gumba. Nikasema moyoni, hatimaye nimefika kwa watu wanaojua baiskeli. Nilikuwa napiga mluzi Kabugho alipotokea. Huyu ni mdogo wake Biira, muuza vitenge wa soko la mpakani, na kama wafanyabiashara wenzake wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, huniita bofrere, yaani shemeji.

"Bofrere, unafurahi nini?"

"Baba yenu hajagusa tairi yangu."

"Njo mubaya hiyo!" akasema kwa Kiswahili chao cha mpakani, amejishika kiuno. "Angalia pale."

Jirani aliyekuja kumsalimu mzee alikuwa anaaga. Mzee aliingia ndani, akatoa pampu ndefu yenye mpini wa mti, akaijaza baiskeli ya jirani, mbele na nyuma, ingawa hata kwa macho ilikuwa imeshiba. Jirani alisubiri amevua kofia.

"Huku kwetu," Kabugho akasema, "mugeni mwenye wanapenda, mwenye nyumba anamupigia pampu. Hata upepo iko, anapiga. Ile yako hataigusa. Maana yake hauko mutu wake."

Yaani Baluku, afande na yule mama wa chai walikuwa wananikaribisha, mimi nazunguka kona nautoa ukarimu wao, psss! Na hapa, nilipopatamani kuliko pote, naachwa na upepo wangu mwenyewe.

Basi nikafanya ujinga. Nilitoa upepo wote, tairi zikalala kabisa chini, nikaikokota baiskeli mpaka mbele ya mzee. "Baba, tairi zimelala."

"Pampu iko pale," akasema. "Piga."

Nilijipigia mwenyewe, kidogokidogo, hadi kiwango changu cha kidole gumba, na ni aibu kusema, machozi yalinilengalenga.

Mchana ule ni yeye aliyeanza. Kilichomshinda ni magurudumu. "Wanasema hiyo gurudumu ni kubwa. Inashinda yangu?" Akaitoa baiskeli yake nyeusi ya zamani, akachana uzi wa mgomba, tukapima. Rimu yake ikaishinda yangu. Lo! Miaka yote najigamba nimeleta magurudumu makubwa, kumbe mzee wa Bwera ameyaendesha makubwa zaidi tangu sijazaliwa. Lakini tulipopima pamoja na tairi, yangu ilikuwa juu kwa unene wake. Kila mmoja akatoka na ushindi wake, hakuna aliyetaka kupima tena.

"Lete," akasema. Akaipanda. Kabla sijamwonyesha breki alikuwa ameshashika njia ya kisimani, yenye mawe na utelezi, ambayo Kabugho huishuka akishikilia migomba. Nilikimbia nyuma nikipiga kelele. Nikimuua huyu, nikawaza, Biira hatapigiwa simu na mtu yeyote wa ukoo huu. Nilimkuta kisimani amesimama, mzima, anapumua.

"Inashika," akasema. "Haitupi mutu." Kisha: "Nani alikufundisha upepo nusu?"

Biira alinikataza kuzungumza tairi. Lakini nimeulizwa. "Biira, Baba. Aliteleza na baiskeli Neema akiwa mgongoni. Tairi zilikuwa ngumu, mimi ndiye niliyezijaza. Mtoto hakuumia, Biira alivunjika mkono. Toka siku ile nikaanza kutafuta tairi pana, upepo kidogo, isimwangushe tena. Kila Jumamosi nabonyeza zake kwanza, ndipo zangu."

Tulipanda mlima pamoja, yeye mwenyewe akiisukuma baiskeli yangu, nilipotaka kumpokea hakuniachia.

Asubuhi ya kuondoka niliamshwa na sauti uani. Sha! Sha! Sha! Nikatoka na shuka kiunoni. Mzee Masereka alikuwa ameinama juu ya pampu, jasho linamtoka, anajaza tairi yangu ya mbele, ile ya meno marefu, mpaka ikakaza kama ngoma. Alipomaliza ya nyuma aligonga zote mbili, akaridhika, akamnyooshea Kabugho mkono. "Simu."

Akapiga. Nilisikia ikiita, nikasikia ikipokelewa.

"Biira," akasema. Sauti yake nene. "Bwana yako hajui kujaza upepo."

Kisha sauti ya mke wangu: "Ndiyo, Baba. Kila siku namwambia."

Waliendelea kwa Lhukonzo, lugha yao, na kila nilipotajwa walicheka. Nilisimama na shuka langu, nasengenywa na wakwe mchana kweupe, sijawahi kufurahi namna ile.

Safari ya kurudi ilikuwa adhabu. Kila kokoto lilinipiga mpaka kwenye meno ya taya, na kona za kutolea upepo zilikuwa nyingi. Sikutoa. Kikorongo, afande alibonyeza tairi, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaniruhusu nipite.

Moshi, Biira alinipokea langoni. Kabla ya kunisalimu aliinama, akabonyeza tairi ya mbele kwa kidole.

"Hii ni pampu ya Baba," akasema.

Kama unauliza ushauri, gurudumu kubwa ni zuri, mbele weka tairi pana, nyuma nyembamba kidogo, na upepo uwe wa kidole gumba. Nimejifunza pia kwamba upepo mwingine hautolewi. Jumapili iliyofuata nilipanda Kibosho na tairi vilevile ngumu, nikaanguka mara mbili, nikarudi nyumbani nachechemea. Biira alikuwa kwenye simu na baba yake, na ilibidi nisubiri.