Sahihi ya Bi Chupa

Kwenye mazishi ya dada yangu, msemaji mmoja alituambia kwamba marehemu aliyapokea yote kwa unyenyekevu. Nilimwacha aseme, maana msibani si mahali pa kubishana. Lakini haikuwa hivyo, na naandika ilivyokuwa.

Dada alikuwa mhudumu wa maabara kwa miaka ishirini na miwili. Kazini walimwita Bi Chupa, kwa sababu mikononi mwake hazikukosekana chupa bapa za plastiki ambamo seli za ngozi hukuzwa ili zije kufunika vidonda vya watu walioungua. Kila baada ya siku mbili alizilisha maji mekundu yenye virutubisho. Chupa ikijaa, alizigawa seli kwenye chupa mpya, akanakili ubavuni mistari ya chupa ya zamani kwa kalamu nyeusi na kuongeza mmoja. Mistari ndiyo ilikuwa umri wao. Zenye mistari mitano aliziita wajukuu. Zikifika mistari arobaini na kitu, seli hutanuka, huchoka, haziendelei tena, hizo ni wazee, na hakuzimwaga bila kuziaga: "Haya, wazee wangu, mmefanya kazi."

Miaka miwili iliyopita mkuu wake, ambaye wote walimwita Daktari, alianza kukuza seli zilizotiwa telomerasi. Dada alinieleza jikoni kwangu huku akimenya viazi. Ncha za kromosomu hupungua kila seli inapogawanyika, alisema, kama penseli inavyopungua kila unapoichonga. Ikifika mwisho, seli inasimama. Telomerasi ni kimeng'enya kinachoirudishia ile ncha, basi penseli haimaliziki.

Nilimwambia hiyo ni kumwingilia Mungu kazi yake. Akaniuliza, siku nikiungua, ningependa Daktari aniletee ngozi au mahubiri. Tulicheka mpaka chai ikafurika.

Mwaka jana akapatikana na saratani ya kongosho. Hakuacha kazi. Alijifunga kitambaa kichwani, akaomba awekewe kiti karibu na kabati la joto.

Ndipo ikaja chupa ya seli za telomerasi yenye mistari sitini na minne. Seli nzima za ngozi zikigusana huacha kugawanyika, zikalala safu moja kama vigae. Dada alipoitazama chupa hiyo kwa hadubini aliona zimeparamiana kama watu kwenye mlango wa kliniki. Wiki iliyofuata seli hizo zilikuwa ziwekwe kwenye mguu wa fundi wa kuchomelea vyuma, aliyelazwa miezi mitatu, mgonjwa wa kwanza wa jaribio.

Dada alimwonya Daktari kwamba huenda zimegeuka saratani. Daktari alimjibu kwamba vipimo vya mwezi uliopita vilikuwa safi, na kwamba telomerasi peke yake haiigeuzi seli kuwa saratani. Dada alikubali kuwa peke yake haiigeuzi. Lakini seli isiyozeeka hupata muda wa kukusanya makosa, na breki ya uzee imeshang'olewa. Mwenzake mmoja akatania kwamba siku hizi Bi Chupa anaiona saratani hata kwenye chai. Daktari akamwambia kwa upole aende nyumbani akapumzike. Upole ule ulimuudhi kuliko utani.

Aliomba kipimo kimoja tu. Seli nzima ya ngozi inahitaji sakafu ya kushika. Ukiiacha ikielea ndani ya jeli laini, haizai. Iliyogeuka saratani haijali sakafu. Kipimo hicho huchukua wiki tatu. Daktari alisema fundi hawezi kusubiri wiki tatu. Hakuuliza, "Na wewe je, utazifika?" ila dada alilisikia swali hilo.

Maabara ile haitoi chupa bila sahihi ya mtu aliyezilisha seli. Waliposukuma fomu mbele yake, dada aliandika kwenye nafasi ya sahihi, kwa herufi kubwa: SIKUBALI. Kisha akaenda kuchemsha jeli ya kipimo.

Jioni nilimsihi aache ugomvi, ajiandae kwa Mungu wake.

"Mdogo wangu," alisema, "Mungu ndiye aliyeziwekea seli kikomo. Mimi nakilinda. Hayo si maandalizi?" Akajigusa tumbo. "Na hizi humu ndani, telomerasi yao imewashwa. Nazijua tabia zao. Sizipeleki kwa mtu mwingine."

Tangu siku hiyo sala yangu ilibadilika. Sikuomba tena apone. Niliomba apewe siku ishirini na moja.

Siku ya kumi na tano alilazwa. Fundi alisikia, akaja kwa magongo kutoka wodi ya pili, uso umekunjamana.

"Ni wewe uliyeninyima ngozi?"

"Ni mimi. Kaa, mguu unakuuma. Nitukane ukiwa umekaa."

Fundi alikaa. Hakumtukana sana.

Siku ya ishirini na moja Daktari alikuja mwenyewe, na visahani viwili vya jeli kwenye mfuko. Macho ya dada yalikuwa yameishiwa nguvu, akaniambia nihesabu. Nikavishika kwenye mwanga wa dirisha. Kimoja kilitiwa seli za kawaida, nacho hakikuota kitu. Cha pili, cha seli za mistari sitini na minne, kilikuwa na vitone vyeupe, kila kitone kijiji kizima cha seli zilizozaana bila sakafu. Nilihesabu arobaini na moja, nikarudia, vikawa vile vile.

"Mwaga," dada alimwambia Daktari.

"Na fundi?"

"Kabati dogo, rafu ya chini. Wajukuu chupa sita, kutoka ngozi yake mwenyewe, bila telomerasi. Nilianza siku ile ya fomu. Yule mtani wangu wa chai ndiye anayewalisha."

Daktari alimshika mkono. Siku tatu baadaye dada alifariki, mchana, kabla sijamaliza kumsomea sala. Fundi alishafunikwa kipande cha kwanza, upana wa kiganja.

Mungu amlaze mahali pema. Najua alivyomrudia, na hakurudi ameinamisha kichwa. Anayesema alikubali, aende maabara akaione ile fomu. Iko kwenye faili, na neno lake halijafutwa.