Watoto Saba wa Bibi

Saa mbili na robo asubuhi nilianza kuhesabu watu wa kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Msimbu. Nilikuwa katibu wa kijiji. Fedha za korosho zilitosha jambo moja tu, na kamati ilitaka kujua kama tujenge darasa la pili. Kila nyumba niliuliza, "Mna watoto wangapi?" Kufikia adhuhuri daftari lilijaa watoto, na darasa likaonekana halikwepeki.

Nyumba ya mwisho nilimkuta bibi mmoja akitwanga mahindi peke yake, akipumzika kila baada ya mapigo machache.

"Shikamoo, bibi. Una watoto wangapi?"

"Marahaba. Saba."

"Wanasoma wote?"

Alicheka mpaka akauegemea mchi. "Wasome nini, mjukuu wangu? Wa kwanza ana mvi, yuko Dar es Salaam. Hata mama yako akiulizwa, atakuhesabu wewe na ndevu zako!"

Nilirudia nyumba zote, safari hii nikiuliza nani aliyelala humo jana. Watoto wa shule walienea katika darasa lililopo. Waliosalia wengi walikuwa wazee waliochoka kutwanga, na mashine ya kusaga ilikuwa mbali, Kisarawe mjini.

Kamati ikaliacha darasa, tukanunua mashine iliyokwishatumika. Siku ya kwanza bibi alifika na debe lake kabla ya mwendesha mashine. Darasa lingekula shilingi elfu nne zote. Mashine ilituachia mia tatu na themanini.