Mpishi Aliyeshindwa Kutulia Nchi Kavu

Teofredo Palmares alipika melini miaka ishirini na sita, na kila aliporudi Iloilo, mji wao kule Ufilipino, kupumzika, alipumzika siku nne tu. Siku ya tano alianza kutembea. Jikoni hadi getini, getini hadi jikoni, mpaka sakafu ikaingia bonde na kuku wakahamia wenyewe kwa jirani, bila kufukuzwa.

"Nyumba hii imesimama mno," alilalamika.

Safari hii alikuwa na mwezi wa sita nyumbani. Meli ya nafaka ilikuwa inamsubiri, miezi tisa baharini. Kilichobaki ni kupimwa afya. Mara mbili alishapimwa, mara mbili presha iligoma kushuka. Wakala wa mabaharia akamwambia wazi: ukishindwa mara ya tatu, jina tunafuta.

Mkewe, Rosenda, akamnyima samaki wakavu wa chumvi, akamlisha vitunguu saumu vibichi hadi mbu wa mtaa mzima wakahama mji. Presha ikapanda tu.

Asubuhi ya mwisho wakaenda kliniki pamoja. Nesi akamfunga mkanda mkononi.

"Mzee, tulia."

"Nimetulia. Na uzee huo umeuona wapi?"

"Mbona miguu inacheza ngoma? Mia na sabini! Kaa nje nusu saa. Nitakupima mara moja tu tena."

Kwenye benchi, kati ya mabaharia wenzake, jasho likamtoka.

"Mama Lotlot, wakinifuta nitafanya nini? Nikae nikutazame unavyofua?"

"Kwani nina ubaya gani wa kutazamwa?"

"Huna. Ila hapa hakuna kinachoyumba."

Rosenda akamgeukia. "Sogea," akasema. Akamshika mabega, akaanza kumyumbisha, kushoto, kulia, polepole, kama alivyombembeleza mtoto wao Lotlot alipokuwa mchanga.

"Dada, huyo mgonjwa au unakanda unga?" akauliza baharia mmoja mwenye nanga iliyochorwa shingoni.

"Ngoja zamu yako, shemeji."

Vicheko. Lakini mabega yakagusana, na benchi zima likaanza kwenda: wanaume kumi na mmoja, macho wameyafumba, kushoto, kulia, hadi ukuta nao ukainama kidogo na nesi akatoka ameshikilia mlango asianguke. Akampima Teofredo papo hapo.

"Mia na ishirini na nane! Usimwachie, mama, niandike kwanza."

Barabarani Teofredo alitembea mbele, mbiombio, akihesabu kwa vidole visu vya jikoni atakavyofungasha. "Umeniokoa, mama Lotlot!"

"Ndiyo," Rosenda akajibu kutoka nyuma. "Mara zote ulikuwa unaondoka mwenyewe. Leo nimekusukuma kwa mikono yangu."

Teofredo akasimama. Mguu haukucheza, kidole hakikucheza. Alisimama tuli katikati ya njia, magari yakipiga honi hadi sokoni, hadi Rosenda alipomfikia na kumvuta mkono.

"Sasa ndiyo unajua kusimama? Twende, nguo zako bado ziko kwenye kamba."