Senti Saba za Tundu

Nyumbani kwetu Mkomani, kisiwani Amu, mtoto hamalizi arubaini bila kufungwa senti. Ni sarafu za zamani za senti kumi, za shaba, zenye tundu katikati, saba kwa jumla, zimetungwa kwenye uzi mweusi. Kazi yake ni kuzuia jicho la hasidi. Kama kweli zinazuia, basi mahasidi wa Amu wamepoteza muda wao bure, maana hatuna cha kuhusudiwa ila kiburi.

Mwaka jana kaka yangu alipata mtoto wa kike. Mkewe ni mwalimu kutoka bara. Amesilimu, na hakosi sala kama anavyokosa mumewe, lakini kwa shangazi yetu bado ni mgeni wa kuchungwa asije akaiba vijiko. Siku ya saba shangazi alimfunga mtoto zile senti mkononi. Siku ya kumi zikawa kijani, na ukijani wenyewe ukashika ngozi ya mtoto.

Shangazi hakuhitaji daktari.

"Senti zavuta sumu," alisema. "Na sumu yatoka kwa mama. Wana wangapi nimewafunga hizi, na mato yangu hayajaona haya! Maziwa yake hayafai."

Kopo la maziwa likanunuliwa siku hiyo hiyo, na wifi yangu akaambiwa asinyonyeshe mpaka senti zirudi rangi yake. Alimtazama mumewe. Kaka yangu, mwenye digrii yake, akatazama simu. Sijapata kuona mwanamume mwenye shughuli nyingi namna ile kwenye simu iliyozimika.

Mimi nilijua sababu papo hapo. Nauza vidani na pete kule Shela, na wageni wanapenda vya kale, kwa hivyo shaba mpya naizeesha mwenyewe: ndimu, chumvi, usiku mmoja bila kukausha, na asubuhi imeota ukijani, imeshakuwa ya mabibi zetu. Na shangazi nilikuwa nimemwona siku ile ya saba. Alizisugua senti kwa ndimu na chumvi ili zing'ae mbele ya watu, akazisuza kwa maji ya kisima, yale ambayo hata chai hayafai kwa chumvi, kisha akamfunga mtoto zikiwa bado zinachuruzika. Marehemu bibi alikuwa akizisuza kwa maji matamu na kuzifuta moja moja kwa kitambaa kikavu.

Ningeweza kusema neno moja tu. Lakini shangazi amenisimanga tangu nilipoachwa, kila harusi, kila matanga, nami nikaona siku yangu imefika. Nikachomoa kwa siri senti mbili za ule uzi, nikazisugua kwa ndimu na chumvi. Moja nikaisuza kwa maji ya kisima na kuiacha mbichi, kama alivyofanya yeye, ya pili nikaisuza kwa maji matamu na kuikausha. Nikaziweka kwenye kidaka ukutani. Kesho yake, ile ya kwanza ilikuwa na ukijani pembezoni, ya pili safi. Nikangoja Ijumaa, siku ambayo wanawake wa mtaa huja kumtazama mzazi. Ijumaa hiyo mvua ikanyesha, wakaja wawili tu. Nikangoja ya pili.

Ijumaa ya pili ukumbi ulijaa. Nilizipitisha senti zangu kwenye sahani, nikaeleza polepole, nikataja ndimu, nikataja kisima, nikamtaja na aliyechota. Wanawake walicheka hadi buibui zikawaanguka mabegani.

"Kumbe ni mai ya kisima," shangazi akasema, akaisukuma sahani kando. Nilifurahi sana, sitadanganya.

Nikaingia chumbani kwa wifi kumpa habari njema: nyonyesha, umeshinda. Alimchukua mtoto haraka, akamweka kifuani. Mtoto alivuta, akaachia, akalia. Akambadilisha upande. Mtoto akavuta tena, akalia zaidi. Wifi akajikamua kwa vidole, likatoka tone moja.

"Ulijua tangu lini, wifi?" akaniuliza.

Huko ukumbini bado walikuwa wanacheka.

"Tangu siku lilipoletwa kopo," nikasema.

Alimpangusa mtoto machozi kwa ncha ya leso, kisha akaninyooshea mkono nimpe kopo.