Shemeji alivyofunga maganda ya ndizi kwa wavu, ng'ombe wa jirani akala

Wakuu, poleni na majukumu. Hiki kisa sijaongeza chumvi, mke wangu ni shahidi na mpaka leo anacheka.

Naishi Ijuganyondo. Kwangu mambo ya recycling tuko makini. Chupa za plastiki tunasuuza, zinakaa kwenye kiroba mpaka mnunuzi apite.

Maganda ya ndizi yana ndoo yake, kila jioni yanakwenda kwa jirani, Mama Koku, mwenye ng'ombe mmoja tu. Naye anatupatia samadi ya migomba. Nilijiona mtaalamu, acheni tu.

Juzi akaja shemeji Deo, kaka wa mke wangu, anavua dagaa kule kisiwa cha Bumbire. Mtu wa kujituma mno. Jumapili sisi tukiwa misa, yeye kabaki nyumbani, akaona ndoo ya maganda imefurika.

Akatoa kipande cha wavu chakavu kwenye begi, akayafunga vizuri, akampelekea ng'ombe. Kisiwani wanafunga kila kitu kwa wavu, hata viazi.

Tunarudi, Mama Koku yuko zizini anatuita. Wavu unaning'inia mdomoni mwa ng'ombe, nusu umeshaingia.

"Baba Jeni, waitu, jamani, huyu ndiye anayenisomeshea Koku," akaniambia.

Nikampigia bwana mifugo, akatukataza kuvuta. Alipofika, Deo akashika pembe, bwana mifugo akautoa wavu taratibu hadi ukatoka wote.

Deo akajifuta jasho. "Nimevua miaka yote, samaki hajawahi kunitazama hivi."

Mama Koku hakucheka.

Kesho yake niliona aibu hata kupeleka ndoo. Jioni Mama Koku akabisha hodi mwenyewe. Akamwaga maganda yote chini, akayapekua kwa mkono, akayarudisha. Kisha akamkabidhi Deo ndoo.

"Beba, mwanangu. Na ukae naye mpaka amalize kula."

Deo alikaa. Mama Koku akamletea kigoda na kikombe cha maziwa, nami roho ikatulia.

Nilichojifunza: sorting ya taka unayoijua peke yako haisaidii. Mgeni akifika, mwonyeshe choo, mwonyeshe na ndoo ya maganda. Kamba, nailoni na nyavu visiikaribie kabisa, iwe ni ya mifugo au ya mboji.

Kwenu wageni wamewahi kuchanganya nini? Semeni ukweli, wakuu. Deo amekaa hapa pembeni, anaomba Mungu asiwe peke yake.