Sahani ya Mtu wa Mchangani

Mama alipokuja kukaa nami Woolwich, miaka ile ya sabini, haukupita muda nikachoshwa na sahani ya baba. Kila jioni alipakua sahani tatu kwenye meza yangu ya watu wawili: yake, yangu, na ya mtu ambaye wenye bunduki walimtoa nyumbani kwetu Unguja baada ya Mapinduzi, wakasema wana maswali mawili matatu tu. Hakurudi. Hatukuonyeshwa maiti wala kaburi. Mara nyingi nilimtaka mama tumsomee hitima, mara nyingine kwa ukali, naye hunijibu kwamba hitima husomewa wafu. Eda ya mjane hakukaa. Chakula cha sahani ile nilikimwaga mimi asubuhi, na nilichukia kukimwaga.

Siku moja sikuwa na zamu hospitali, mvua inanyesha, nikampeleka makumbusho. Sitajifanya msomi; nilifuata joto la bure. Tukaingia vyumba vya Misri ya kale. Mama aliyapita masanamu ya wafalme bila kugeuza shingo, akayapita masanduku ya maiti yaliyochorwa macho, mpaka akafika kwenye kabati la kioo lenye mtu ndani.

Hakuwa mfalme. Alikuwa mtu wa kabla ya mapiramidi, kabla Wamisri hawajajifunza kuwatoa maiti matumbo, kuwakausha kwa magadi na kuwaviringa vitambaa. Huyu walimzika mchangani tu, na mchanga wa moto ukamkausha wenyewe. Alikuwa amejikunja, magoti kifuani, viganja karibu na uso. Nywele bado anazo. Kucha pia.

Mama akasema, kwa sauti ya mtu anayeingia nyumba ya jirani, "Assalamu alaykum."

"Mama, huyo si Muislamu."

"Wewe umemuuliza?"

Kwetu mama alikuwa mwosha maiti. Wanawake wa mtaa mzima walipita mikononi mwake. Akalizunguka kabati polepole, akainama. "Wamemlaza ubavu wa kushoto, si wa kulia," akasema. "Wala hawakumfunika. Hana watu huyu?" Kisha akatega sikio. "Ameitikia."

Nilitaka kucheka, lakini nyuma yetu mtu alikohoa. Kikohozi kifupi, kikavu. Baba alikuwa akikohoa hivyo mlangoni kabla ya kuingia ndani, ili kama kuna wageni wanawake wajifunike. Niligeuka. Chumba kilikuwa kitupu mpaka mlangoni. Mama alikuwa amekwisha kuvuta ushungi wake.

Tangu hapo akawa anakwenda peke yake, kila wiki. Hakujua Kiingereza cha kununulia mkate, lakini basi la makumbusho alilijua. Na kila aliporudi, buibui lake lilinukia kafuri, ile tunayowatia maiti baada ya kuwaosha. Nyumbani kwangu kafuri haikuwamo hata chembe. Nilimpekua mkoba akiwa msalani, nikakuta peremende na tiketi. Niliogopa kwamba mama anarukwa na akili. Niliogopa zaidi kwamba pengine harukwi.

Mwisho nikaamua kufuatana naye. Alinisimamisha mbele ya kabati akanionyesha vyungu na mabakuli yaliyopangwa kumzunguka yule mtu. Bakuli moja jekundu, lenye mdomo mweusi, lilikuwa karibu kabisa na kinywa chake.

"Nisomee hapo wameandika nini. Hivi vya nini?"

"Vya chakula, mama. Waliamini maiti anakula. Walimzika na chakula chake cha safari. Waliokuja baadaye walizidi, hata mtu akishazikwa wakimpelekea mikate na pombe kaburini, na kumtaja jina asije akapotea."

"Kila siku?"

"Wenye uwezo, kila siku."

"Na mtu akiwa hai?"

"Akiwa hai anakula mwenyewe," nilisema, na maneno yalikuwa yameshatoka.

Mama akaegemeza paji la uso kwenye kioo. Midomo ilimchezacheza. Alipojiondoa, pumzi yake iliacha ukungu mdogo mahali pale, usawa wa uso wa yule mtu. Nikaona haya, nikatoa leso niufute kabla askari wa makumbusho hajaja kutugombeza. Nilifuta, nikafuta tena. Haukufutika. Ulikuwa upande wa ndani.

"Kumbe nimekuwa nikimpakulia maiti," mama akasema.

Tukapanda basi turudi. Leso niliishika mkononi mpaka nyumbani, kwa kuogopa kuitia mfukoni. Nilipompa mkono kumshusha, mkono wake ulikuwa wa baridi, na harufu ya kafuri safari hii ilikuwa kwangu, kwenye vidole vyangu.

Jioni ile alifuta wanja, akavua bangili zake akaziweka juu ya friji. Akapakua sahani mbili.

"Baba yako amekufa," akasema. "Leo naanza eda. Kesho mtafute mwalimu, mje mumsomee hitima."

Yalikuwa maneno niliyomlilia miaka yote ile. Nilipaswa kumshukuru Mungu, na nilifungua kinywa kwa nia hiyo. Badala yake nikainuka, nikatoa sahani ya tatu kabatini, nikashika mwiko. Wali wa kwanza ukamwagika mezani.

"Huenda yu hai, mama," nilisema. "Hatujui. Hakuna aliyemuona. Huenda yu hai."

Mama alinishika mkono wenye mwiko, akaukandamiza mezani, na hakuniachia nipakue.