Kiazi na Embe Kwenye Mizani ya Sonara

Mama Vifungo hakuwa na ugomvi na embe. Alilipenda kama mtu yeyote mwenye meno. Kilichomchosha, kilichomfika hapa shingoni, ni kusikia sifa za embe asubuhi, mchana na jioni kutoka kwa mume mwenye kisukari na mizani.

Jina hilo alipewa kwa ajili ya chupa za vifungo zilizojaa dirishani mwake, maana alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele. Chumba cha nyuma, chenye mwanga mzuri zaidi, alikuwa amekichukua mumewe, sonara, aliyeunga mikufu iliyokatika na kupanua pete zilizobana vidole vya watu. Vya watu, nasema, kwa sababu pete ya mkewe ililala kwenye droo tangu alipojifungua mtoto wa mwisho na kidole kikanenepa. "Wiki ijayo, mama watoto," ndio ulikuwa wimbo wa sonara, na huyo mtoto wa mwisho sasa ananyoa ndevu. Kinyozi hajinyoi, wateja walimtania. Mama Vifungo alijibu kwamba huyu wake ana wembe wa mtaa mzima isipokuwa wa nyumbani.

Kisa chenyewe kilianzia kliniki. Nesi alimwambia sonara kwamba sukari imepanda, kwamba ule ukungu anaouona machoni haukuja bure, na asipoangalia anachokula anaweza kupofuka. Apunguze wanga. Matunda ale, ila kwa kiasi. Sonara alisikia "apunguze wanga", akasikia "matunda ale". Yaliyobaki yaliingia sikio hili yakatokea lile. Mama Vifungo alikuwa amekaa pembeni yake na aliyasikia yote, na tangu siku hiyo hilo ndilo likawa kosa lake.

Mtu aliyepima dhahabu maisha yake yote haamini neno mpaka aliweke kwenye mizani. Walipofika nyumbani, sonara alikata kipande cha kiazi cha kuchemsha, kikubwa kama ukucha, akakata na kipande cha embe, akavisawazisha kwenye mizani yake ndogo ya dhahabu. Akamwita mkewe.

"Uzito ni mmoja, sawa?"

"Sawa."

"Basi kuna mteja amenisomea kwenye simu yake. Gramu mia za kiazi zina wanga kama gramu ishirini. Gramu mia za embe, wanga na sukari yake yote, kama kumi na tano. Na vitamini C, embe linakiacha kiazi mbali. Haya, nani mshindi?"

"Mshindi ni mwenye kujua kuacha."

"Nakuuliza swali la mizani, unanijibu la mdomo."

Kuanzia hapo kiazi kikafukuzwa mezani na embe likaingia kwa bakuli. Tena si bakuli la mtoto. Sonara alimaliza chakula, akavuta bakuli, akala huku akiwaeleza wateja kwamba yeye wanga ameuacha kabisa. Mama Vifungo, ambaye viazi hata hakuvipenda sana, akajikuta amekuwa wakili wa kiazi.

"Kiazi kimoja na mboga kinakushibisha, unanyanyuka. Embe ukila moja, unalitafutia mwenzake!"

"Wewe una chuki na embe."

Chuki na embe! Mungu ampe subira.

Na kama hilo halitoshi, kulikuwa na wifi. Dada huyu wa sonara alikuja kila wiki na kikapu kimejaa, harufu ya embe imemtangulia mlangoni. "Wifi yangu jamani, viazi umemnyima, wali umemnyima, sasa unamhesabia mpaka tunda? Unataka kaka yangu akonde abaki mifupa?" Mama Vifungo aliuma sindano yake kati ya midomo asije akasema litakaloitisha kikao cha ukoo.

Ukweli ni kwamba alikuwa na hofu, na hofu yake haikujua kutoka ila kwa makelele. Alikuwa amemwona mumewe akimimina chai kando ya kikombe. Alikuwa amemwona akipapasa meza kutafuta kibano kilichokuwa mbele yake. Sonara asiye na macho atafanya nini? Atakaa tu kusikiliza cherehani ya mkewe.

Siku moja uvumilivu ukamwishia. "Macho yanakuaga, mzee! Siku si nyingi utakula embe lako gizani!"

Sonara alisukuma bakuli. "Macho yangu? Ngoja nikuonyeshe kama ni mabovu." Akaenda mwenyewe kwenye droo, akaitoa ile pete, akajifungia chumba cha nyuma. Mama Vifungo akabaki anashona, akisikiliza msumeno mdogo ukikata na moto ukivuma. Miaka yote hiyo, kumbe dawa ilikuwa kumtukana.

Alasiri alitoka akitabasamu, ameishika pete kwa vidole viwili.

"Tazama. Ukiona nilipounga, kiazi nitakila na maganda yake."

Mama Vifungo aliona. Lehemu ya pale alipounga ilikuwa imevimba kama punje ya mchele, na duara lenyewe limeenda upande. Hata mpita njia angeliona lile. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, lile la ushindi, alilolinoa wiki nzima. Likakataa kutoka. Alichukua pete, akaivaa, na ile punje ikamkwaruza kidole cha pembeni.

Sonara akangoja kelele. Hazikuja. "Mbona kimya? Wewe, leo, kimya?"

Akamshika mkono, akapitisha kidole gumba juu ya pete. Kidole kikasimama. Kikarudi nyuma, kikapita tena, polepole.

"Uliiona?"

"Ukiwa bado mlangoni."

Sonara alikaa kwenye kiti cha wateja. Mkono wa mkewe hakuuachia.

"Nesi alisemaje kuhusu matunda?"

"Kwa kiasi. Mizani yako haikukudanganya, baba watoto. Lakini ulipima ukucha, ukala bakuli."

Kesho yake alikwenda kliniki bila kuburutwa. Daktari wa macho alisema yaliyoharibika hayatarudi yote, ila yaliyobaki yanaweza kulindwa. Siku hizi sahani ya sonara ina kiazi kimoja, mboga kwa wingi, na kipande cha embe baadaye. Kikapu cha wifi hugawiwa majirani. Na anavyowahubiria wateja habari za kiasi, ungedhani amekigundua yeye! Mama Vifungo humsikiliza, akasonya, akaendelea kushona.

Pete aliomba airekebishe, au ampelekee sonara mwenzake mwenye macho mazima. Mkewe alikataa katakata. Mume akimaliza kipande chake na mkono ukaanza kutambaa kuelekea kwenye kisu, Mama Vifungo hagombi tena. Humwekea mkono wake juu ya mkono huo, ile punje ikamgusa.